UZI: Canton, Kwangchow, Khanfu, Guangzhou. Mji ni mmoja, haya majina yametoka wapi?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nilikuwa dukani kwa jamaa yangu Kariakoo, nikakuta ubishi umekolea. Kijana mmoja anajiandaa kwenda China kufuata mzigo kwa mara ya kwanza. Barua yake ya mwaliko inasema maonesho ya Canton, tiketi ya ndege inasema Guangzhou. Mwenzake aliyewahi kufika Yiwu, mji mwingine wa biashara wa China, akamhakikishia kwamba hiyo ni miji miwili tofauti, akishuka Guangzhou itabidi apande treni hadi Canton. Kijana alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya nauli ya treni isiyokuwepo.

Nikamtuliza: ni mji uleule, shuka hapohapo. Lakini akaniuliza swali la haki kabisa. Kama ni mji uleule, kwa nini majina hayafanani hata kidogo? Mlangoni mwa duka sikuweza kulijibu vizuri, ndiyo maana nimekuja nalo hapa jamvini. Mimi nimekwenda na kurudi mji ule kwa zaidi ya miaka kumi na jina lake nimelifuatilia kwa mapenzi, kwa hiyo mnivumilie, uzi ni mrefu.

Nianze na kitu nilichonacho mkononi. Lebo ya begi ya safari yangu ya kwanza bado ninayo, imefifia lakini herufi tatu kubwa zinasomeka: CAN. Siku ile nilipoiona ikifungwa kwenye mpini wa begi niliogopa kwamba mzigo wangu unapelekwa Kanada. CAN ndiyo alama ya uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, mpaka leo. Imetokana na Canton. Jina hilo limebaki kwenye lebo za mabegi, kwenye maonesho yanayofanyika kila msimu wa machipuko na wa vuli tangu 1957, na kwenye jina la lugha ya wenyeji, Kikantoni. Wachina wenyewe maonesho hayo wanayaita Guangjiaohui. Ukimtajia dereva wa teksi "Canton" anaweza kukutazama tu.

Sasa turudi nyuma kabisa.

Jina la kwanza la mji huo kuandikwa si Guangzhou wala Canton. Ni Panyu. Majeshi ya Qin yalipoteka kusini mwaka 214 kabla ya Kristo, walijenga ngome hapo. Dola ya Qin ilipoanguka, ofisa wao mmoja, Zhao Tuo, akajitangazia ufalme wake, Nanyue, na Panyu ikawa makao yake makuu mpaka Wahan, watawala wa China waliofuata baada ya Qin, walipouvunja ufalme huo mwaka 111 kabla ya Kristo. Mwaka 1983 wajenzi walifukua kilima katikati ya mji wakakuta kaburi la mfalme wa pili wa Nanyue. Humo mlikuwa na vyombo vya shaba vilivyochongwa jina la Panyu, na pia pembe za ndovu, ambazo makumbusho ya hapo yanaeleza kuwa ni za tembo wa Afrika. Nilisimama mbele ya pembe hizo kwa muda mrefu kuliko mbele ya vazi la mawe ya jedi ambalo kila mtu alikuwa analipiga picha.

Panyu haikufa. Leo ni wilaya ya Guangzhou, na wengi wenu mmepita hapo bila kujua, maana stesheni kubwa ya treni za kasi ya kusini iko huko.

Guangzhou lilikuja baadaye, na mwanzoni halikuwa jina la mji. Mwaka 226 baada ya Kristo, Sun Quan, mtawala wa Wu, dola ya kusini mwa China wakati huo, aliona jimbo la Jiaozhou ni refu mno, maana lilifika mpaka kaskazini mwa Vietnam ya leo. Akalikata. Kipande cha mashariki akakiita Guangzhou. "Zhou" ni jimbo. "Guang" ilichukuliwa kutoka Guangxin, mji uliokuwa makao ya zamani ya utawala upande wa magharibi, kwenye Mto Xi. Guang ni "pana" au "kueneza", xin ni "uaminifu". Muda mfupi baadaye majimbo yakaunganishwa tena, kisha mwaka 264 yakatenganishwa, safari hii moja kwa moja. Makao ya jimbo jipya yalikuwa Panyu, na kidogokidogo jina la jimbo likaukalia mji.

Kwa hiyo mtu akikwambia Guangzhou maana yake ni "jimbo pana", amepatia maneno lakini amekosa njia. Jimbo halikuitwa hivyo kwa upana wake. Lilirithi neno la kwanza la jina la mji mwingine ambao leo wengi hawaujui.

Ngoja nipumzike kidogo, nakuja na Waarabu na Wareno.

Mchangiaji wa 1

Naweka kiti. Shusha nondo mkuu. Mimi nilijua Canton ni jina la Kiingereza tu, kama walivyoiita Tanganyika kwa namna yao.

Mleta uzi

Tuko pamoja mkuu. Waingereza hawakulibuni, walilikuta kwa Wareno. Na kabla ya Wareno walikuwepo watu wa Ghuba.

Mabaharia wa Siraf, bandari ya Uajemi, na wa Basra walikuwa wanafika huko tangu enzi za Tang, nasaba iliyotawala China karne ya 7 mpaka ya 10. Katika maandishi ya Kiarabu ya mwaka 851 mji unaitwa Khanfu. Ukilitamka taratibu utaisikia asili yake: Guangfu, yaani makao ya utawala wa Guang. Kiarabu cha maandishi hakina g, wakaweka kh. Abu Zayd wa Siraf anasimulia jinsi waasi wa Huang Chao walivyouvamia mji miaka ya 870 na kuua wageni wengi, Waislamu, Wayahudi, Wakristo na Wamajusi. Yeye anataja watu 120,000. Hata kama idadi ilikuzwa, inaonesha Khanfu ulikuwa mji wa wageni miaka zaidi ya elfu moja kabla ya maduka ya Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambako Waswahili wengi tunafungia mizigo.

Halafu Ibn Battuta. Huyu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka ya 1340 akafika China. Mji huu anauita Sin Kalan. Sin ni China, ileile Sini ya wazee wetu wa pwani, na kalan ni Kiajemi, "kubwa". China Kuu. Hapo jina halihusiani na Guang kabisa, ni wageni walioupa mji sifa yao wenyewe.

Wareno sasa. Walifika maeneo hayo kuanzia 1513, na mwaka 1517 ujumbe wao rasmi ukapanda Mto Lulu mpaka mjini. Wakaandika Cantão. Hapa ndipo ubishi wa Kariakoo unapomalizikia, kwa sababu Cantão haikutoka Guangzhou. Ilitoka Guangdong, jina la mkoa. Wenyeji kwa Kikantoni wanalitamka karibu na "Gwong'-dung'". Mji wenyewe wenyeji walikuwa wakiuita tu "mji wa mkoa", kama mtu wa kijijini anavyosema "naenda mjini" na kila mtu anaelewa ni upi. Mreno alisikia jina la mkoa akalibandika juu ya mji. Waingereza wakapokea, wakaandika Canton.

Na likashika kweli, kwa sababu ya biashara. Kuanzia 1757 mfalme Qianlong aliamuru biashara ya meli za Ulaya ifanyike bandari hiyo moja tu, na ikawa hivyo mpaka mkataba wa Nanking wa 1842 ulipofungua bandari tano. Zaidi ya miaka themanini chai, hariri na vyombo vya kaure vilivyopelekwa Ulaya na Marekani kwa meli hizo vilitoka Canton. Jina lililopigwa chapa kwenye masanduku kwa miaka yote hiyo halifutiki kwa tangazo.

Mchangiaji wa 2

Swali mkuu. Hii Canton ina uhusiano na kantoni za Uswisi?

Mleta uzi

Hapana. Ile ya Uswisi inatokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya "pembe" au "kona". Zimegongana sura tu.

Mchangiaji wa 3

Mimi nina ramani ya zamani ya babu, imeandikwa Kwangchow. Na kwenye kitabu kimoja nimeona Kuang-chou. Hiyo nayo ni Guangzhou?

Mleta uzi

Ndiyo, na hapa ndipo watu wengi hupotelea. Kumbukeni kwamba Mchina hakuandika hata moja kati ya hizi. Yeye ameandika 廣州, na tangu herufi ziliporahisishwa miaka ya 1950 anaandika 广州. Haya ya herufi za Kilatini ni masikio ya watu tofauti.

Kuang-chou ni ya mfumo wa Thomas Wade, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake cha kufundishia mwaka 1867, na Herbert Giles aliyeusahihisha na kuutumia kwenye kamusi yake ya 1892. Ulitumika vitabuni kwa miongo mingi.

Kwangchow ni ya mtindo wa posta. Mwaka 1906 watu wa posta na simu za maandishi walikutana Shanghai kukubaliana tahajia za miji, barua zisipotee. Majina yaliyokwisha kuzoeleka waliyaacha yalivyo, ndiyo maana tuna Peking, Amoy, Tientsin, na huo mji ukabaki Canton. Mkoa ukaandikwa Kwangtung. Ukiikuta Kwangchow kwenye ramani ya babu ni tahajia ya mtindo huohuo. Tahadhari moja: ukikuta Kwangchowan, hiyo ni sehemu nyingine kabisa, ghuba iliyoshikwa na Wafaransa kuanzia mwisho wa karne ya 19 mpaka 1945, leo iko ndani ya Zhanjiang.

Guangzhou ni Pinyin, mfumo rasmi wa China wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini. Ilipitishwa tarehe 11 Februari 1958, na aliyeongoza kazi hiyo, Zhou Youguang, alifariki 2017 akiwa na umri wa miaka 111. Umoja wa Mataifa uliikubali kwa majina ya mahali mwaka 1977, na kuanzia tarehe 1 Januari 1979 China ikaitumia kwenye machapisho yake yote ya lugha za kigeni. Peking ikawa Beijing, Canton ikawa Guangzhou. Watu wa nje walidhani miji imebadilishwa majina. Kwa Mchina wa kawaida hakuna kilichobadilika.

Mchangiaji wa 4

Kinachonitatiza ni hiki: Wade aweke K, Pinyin iweke G. Sauti moja inawezaje kuwa K na G? Mmoja kati yao alikuwa hasikii vizuri.

Mleta uzi

Wote walisikia vizuri. Kichina cha kaskazini hakina g yetu ya "gari". Kina k mbili: moja inatoka na pumzi nyingi, nyingine haina pumzi. Wade aliandika ile isiyo na pumzi k, na yenye pumzi k'. Wapiga chapa wakazembea, wakadondosha ule mkato wa juu, na vurugu ikaanzia hapo. Pinyin ikaona bora herufi g, ambayo ingebaki bila kazi, ipewe ile isiyo na pumzi, na k ipewe yenye pumzi. Hivyo Kuang ya Wade ni Guang ya Pinyin.

Mchangiaji wa 5 (Mombasa)

Ndugu yangu, hili kwetu halihitaji mwalimu wa Kichina. Sisi huku Mombasa "paa" la nyumba na "p'aa" wa mwituni ni maneno mawili, na mtoto akichanganya hucheka mwenyewe. La nyumba halina pumzi, mnyama ana pumzi. Vilevile "kaa" la moto na "k'aa" wa baharini. Ukiweka kiganja mbele ya mdomo utaihisi. Na waliokuwa wakiandika Kimvita kwa makini walitia mkato uleule aliotia huyo Wade.

Mleta uzi

Shekhe, nimesoma mchango wako mara tatu. Miaka yote nimekuwa nikiwaeleza watu jambo hili kwa kuzunguka, kumbe mfano umelala Mombasa. Wakuu, fanyeni hilo jaribio la kiganja. Guang: semeni kwa k ya "kaa" la moto, bila pumzi, mtakuwa karibu kuliko anayesema g ya "gari".

Na sisi tuna bahati nyingine. Ile ng ya mwisho ya Guang huwatesa watu wa lugha nyingi, lakini ni ng' yetu ya ng'ombe, si ng ya ngoma. "Gwang'". Kisha zh: wengi wetu tunasoma z, tunasema "Gwanzu". Hapo hakuna z. Kunja ulimi kidogo kwenda nyuma, sema kama j ya "jana" lakini nyepesi. "Jou". Gwang'-jou. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti: guang inashuka chini na kukaa huko, zhou iko juu imenyooka. Ukienda sokoni na wazee wa hapo utasikia "Gwong'-jau", hicho ni Kikantoni, nao wana haki, mji ni wao.

Toni si pambo. Pale mjini kuna msikiti wa kale wa Huaisheng, na mnara wake mweupe, mnene, mviringo, unaitwa Guangta. Mtaa pia ni Guangta. Mara ya kwanza nilipoona kibao nilidhani maana yake ni "mnara wa Guangzhou". Rafiki wa Kichina tuliyeswali naye Ijumaa akanichorea herufi kiganjani kwa kidole: hii ni 光, nuru, toni ya juu. Si 廣, pana, toni ya chini. Ni Mnara wa Nuru. Ukiondoa alama za toni, Pinyin huyafanya maneno mawili kuwa moja, na vibao vya barabarani havina alama.

Korea Kusini wamepata shida hiyohiyo kubwa zaidi. Wana Gwangju mbili. Ule mji mkubwa wa kusini ni 光州, wa nuru. Ile nyingine ndogo karibu na Seoul ni 廣州, herufi zilezile za Guangzhou.

Mchangiaji wa 6

Mkuu, ajenti wangu kule ananiandikia "Sui" kwenye baadhi ya makaratasi. Mji gani tena huo?

Mleta uzi

Ni hapohapo. Sui, 穗, ni suke la mpunga, na ndiyo kifupi rasmi cha Guangzhou. Hekaya inasema watakatifu watano walishuka wakiwa wamepanda mbuzi watano, wakawaachia watu masuke ya mpunga mji usione njaa tena, na mbuzi wakageuka mawe. Ndiyo maana unaitwa pia Yangcheng, Mji wa Mbuzi, na sanamu yao iko bustani ya Yuexiu, si mbali na Xiaobei. Mkifika, pandeni kile kilima asubuhi kabla jua halijawa kali.

Kwa wanaoagiza: kwenye karatasi za mzigo andikeni Guangzhou, lakini anwani ya ghala iwe na herufi za Kichina siku zote. Majina kama Foshan bado mtayakuta Fatshan kwenye makaratasi ya makampuni ya Hong Kong, ni Kikantoni. Herufi zikiwepo hakuna mzigo unaotangatanga.

Mchangiaji wa 1

Na sisi je? Wao wanatuandikaje?

Mleta uzi

Kwa namna ileile, kwa sikio. Zhao Rugua, aliyekuwa msimamizi wa biashara ya bahari huko Quanzhou, aliandika mwaka 1225 kuhusu nchi ya Cengba, ambayo wanahistoria wanaihusisha na pwani ya Wazenji. Leo Mombasa ni 蒙巴萨, Mengbasa. Dar es Salaam ni herufi sita, 达累斯萨拉姆, Da-lei-si-sa-la-mu. Bandari ya salama imepotea humo, imebaki milio mitupu, kama Guangxin ilivyopotea ndani ya Canton.

Lakini Afrika nzima wanaiita Feizhou, 非洲. Itazameni ile ya pili. Ni zhou, yenye alama ya maji pembeni. Zhou ya Guangzhou, 州, ndiyo mama yake: mwanzoni ilikuwa mchoro wa mto, na vitone katikati yake ni visiwa. Baadaye 州 ikabaki kuwa jimbo, wakaiongezea maji kupata 洲, kisiwa kikubwa, bara.

Jana nilipita tena pale dukani. Kijana anaondoka wiki ijayo. Nimemwandikia 广州 kwa kalamu nene nyuma ya kadi ya duka, aioneshe popote atakapokwama, na chini yake nikaandika 非洲, kwa sababu ndilo swali la kwanza atakaloulizwa: umetoka wapi? Aliishika kadi karibu na taa, akahesabu vitone kwa ukucha, vitatu juu, vitatu chini, akaitia kwenye pasipoti.